Anwani, Makazi na Ukaazi: Uhakiki wa Tafsiri za Hati za Familia Ziendazo Ujerumani

Miongoni mwa maneno ambayo kila mtu hudhani anayajua, neno anwani ni mojawapo. Mwanafunzi wa shule ya msingi hufundishwa kuliandika juu ya barua, upande wa kulia. Karani hulikuta katika kila fomu. Na mfasiri hulipita bila kusimama, kwa kuwa halionekani kuwa istilahi inayohitaji kufikiriwa. Hata hivyo, katika majalada ya watu waombao kibali cha kwenda kuishi na wenzi wao katika nchi za nje, neno hilo hilo ndilo lililotuonyesha kasoro nyingi kuliko maneno magumu ya sheria.

Katika makala haya tunakusudia kuihakiki karatasi moja ya maelekezo, yenye kurasa nne, iliyofasiriwa kutoka Kijerumani kwa ajili ya familia za wasemaji wa Kiswahili, pamoja na tafsiri za barua za utambulisho ambazo waombaji huziambatisha. Hatumtaji mfasiri wala ofisi iliyoitoa karatasi hiyo, kwa kuwa makosa tutakayoyaeleza si ya mtu mmoja. Ni makosa yetu sote tunaofasiri, tunaofundisha kufasiri, na tunaoandika barua zitakazofasiriwa na wengine. Aidha, ni haki tuseme mapema kwamba karatasi hiyo ina sifa zake: sentensi zake ni fupi, sarufi yake ni safi, na mfasiri hakujitia kubuni maneno pale ambapo lugha ilikuwa nayo tayari. Kasoro imo katika kuamini kwamba neno lililozoeleka halina hatari.

Jambo lenyewe

Yafaa kwanza tueleze jambo lenyewe, kwani istilahi haiwezi kuhakikiwa pasipo kufahamu kazi inayotumwa kuifanya. Mtanzania au Mkenya ambaye mwenzi wake anaishi Ujerumani, naye akataka kumfuata, huanza kwa kuomba viza katika ubalozi wa Ujerumani unaohusika na mahali anapoishi. Kwa kawaida ubalozi hauamui peke yake. Hulipeleka jalada kwenye ofisi ya wageni ya mahali anapoishi mwenzi aliyetangulia, nayo ofisi hiyo hutoa ridhaa yake au huikataa. Mwombaji akiisha kufika, ofisi hiyo ndiyo humpa kibali chenyewe.

Sheria ya Ukaazi ya Ujerumani, katika kifungu cha 27, yaeleza kwamba kibali cha aina hii hutolewa ili familia ipate kuunda na kudumisha maisha ya pamoja. Katika kifungu cha 29 huwekwa sharti kwamba mgeni anayefuatwa na familia yake awe na nyumba yenye nafasi ya kutosha. Wako walioondolewa sharti hilo la nafasi, kama vile mwenzi wa raia wa Ujerumani na makundi kadhaa ya wafanyakazi wenye ujuzi. Lakini nao hawana budi kueleza wanaishi wapi, maana pasipo mahali hapana maisha ya pamoja.

Basi anwani ina kazi tatu katika jalada moja. Kwanza, anwani ya mwombaji huonyesha ni ubalozi upi unaohusika naye. Pili, anwani ya mwenzi wake huonyesha jalada lipelekwe kwa ofisi ya mji gani. Tatu, anwani hiyo ya pili huonyesha nyumba ambayo ukubwa wake utapimwa na wakazi wake watahesabiwa. Neno likipotoka, kazi zote tatu hupotoka.

Neno anwani

Kiswahili kilipokea neno anwani kutoka Kiarabu, na huko asili yake lina maana mbili: kichwa cha maandishi, na maelezo ya mahali pa kumpata mtu. Maana zote mbili tunazo hadi leo, kwa kuwa twasema anwani ya kitabu na anwani ya mtu. Lakini maana ya pili iliingia katika maisha yetu ya kila siku kwa mlango wa posta. Katika sehemu kubwa ya nchi zetu barua hazipelekwi nyumba kwa nyumba. Huwekwa katika sanduku lililoko kwenye jengo la posta, na mara nyingi sanduku hilo ni la mwajiri, la shule, la misheni au la ndugu aliyebahatika kulikodi. Mtu akiulizwa anwani yake, hutaja S.L.P., nambari na mji. Hajasema uongo wowote. Amejibu swali alilofundishwa kuwa ndilo linaloulizwa: barua zikufikie wapi?

Ujerumani mambo ni tofauti. Mpelekaji wa barua hufika mlangoni, na jina la mkazi huandikwa juu ya kisanduku cha barua cha nyumba yake. Mahali pa kupokelea barua na mahali pa kulala, kwa watu walio wengi, ni pamoja. Ndiyo maana neno moja la Kijerumani, Anschrift, latosha kwa mambo yote mawili, na fomu zao haziongezi maelezo. Mfasiri wa karatasi yetu alipoliona neno hilo aliandika anwani, akaendelea. Kikamusi, hakukosea. Kimaana, alilitupa nusu ya swali.

Tutazame matokeo yake. Mume anafanya kazi Bremen, naye amepanga chumba huko. Lakini barua zake za muhimu huzipokelea kwa rafiki yake aliyeko Hamburg, kwa kuwa amehama mara mbili. Anaposoma katika maelekezo kwamba aandike anwani yake, huandika ya Hamburg, kama vile babu yake alivyoandika sanduku la misheni. Jalada laweza kupelekwa kwa ofisi ya Hamburg, ambayo itatafuta katika daftari lake la wakazi na isimwone. Kisha hufuata barua za kuuliza na kujibu, na miezi hupita. Mbaya zaidi ni shaka inayozaliwa: mtu asiyeishi mahali alipopataja huonekana kuwa na jambo la kuficha. Mke aliyeko Tanga hawezi kujua kwamba anachelewa kumwona mumewe kwa sababu ya neno ambalo yeye mwenyewe asingelitilia shaka.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba katika hati za aina hii neno anwani lisiachwe peke yake. Liandikwe anwani ya makazi pale panapoulizwa nyumba mtu anamoishi, na anwani ya posta pale panapoulizwa mahali pa kupokelea barua. Istilahi hizi si ngeni. Nchini Tanzania, serikali iliendesha mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti, operesheni ya kuzipa nyumba nambari na barabara majina, na ikaiita kazi hiyo kwa jina hilo hilo la anwani za makazi. Wananchi wamekwisha kuliona jina hilo, na mfasiri analo la kutumia.

Makazi, makao na ukaazi

Kasoro ya pili iko katika maneno yatokanayo na kitenzi kukaa. Karatasi tunayoihakiki imekiita kibali kinachoombwa kibali cha makazi katika ukurasa wa kwanza, kibali cha ukaaji katika ukurasa wa pili, na kibali cha kuishi katika ukurasa wa nne. Msomaji mwangalifu atadhani ni vibali vitatu, na atauliza ni kipi kati ya hivyo anachokihitaji. Hapa kosa si la kuchagua neno baya, bali la kutochagua.

Tukisema makazi, mawazo ya msikilizaji huenda kwenye nyumba na ardhi: wizara ya makazi, maendeleo ya makazi, makazi holela. Kibali cha makazi chaweza hata kudhaniwa kuwa ruhusa ya kujenga. Tukisema makao, twakaribia mahali pa kudumu pa mtu au pa chombo, kama tusemavyo makao makuu. Na tukisema ukaazi, twataja hali ya mtu mbele ya sheria, yaani kuruhusiwa kwake kukaa katika nchi. Idara ya Uhamiaji ya Tanzania imekwisha kuliimarisha neno hili kwa kuviita vibali vyake vibali vya ukaazi, na Zanzibar ina kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Hatuoni sababu ya mfasiri kuyaacha yaliyokwisha kukubalika katika ofisi zetu na kutafuta mengine.

Tofauti hii si ya mapambo. Kijerumani chenyewe kinatenga mambo hayo: Wohnung ni nyumba au chumba anamoishi mtu, Wohnsitz ni mahali ambapo sheria humhesabu mtu kuwa amepafanya makao yake, na Aufenthalt ni kuwapo kwake mahali au nchini. Lugha yetu ina maneno matatu yaliyo tayari kuipokea mizigo hiyo mitatu. Makazi yabebe la kwanza, makao ya kisheria yabebe la pili, na ukaazi ubebe la tatu pale linapohusu ruhusa ya serikali. Tukishakubaliana hivyo, mwombaji ataelewa mara moja kwamba huthibitisha makazi ili apewe ukaazi.

Cheti kisicho cha polisi

Yeyote anayehamia katika nyumba nchini Ujerumani anapaswa kujiandikisha katika ofisi ya wakazi ya mahali hapo. Sheria ya uandikishaji inayotumika nchini kote, iliyoanza tarehe 1 Novemba 2015, humpa muda wa wiki mbili tangu kuhamia. Ofisi hiyo humpa mwandikishwaji cheti kiitwacho Meldebescheinigung, na ndicho uthibitisho wa kawaida wa anwani ya makazi. Karatasi yetu imekiita hati ya taarifa, kwa sababu kitenzi cha Kijerumani kilichomo ndani ya neno hilo kina maana ya kutoa taarifa. Msomaji wetu akisikia kutoa taarifa hufikiri habari ya polisi, na kweli tumemsikia mwombaji mmoja akiuliza ni kituo gani cha polisi kinachoitoa hati hiyo, na kama ni lazima kwanza apoteze kitu. Sisi twapendekeza cheti cha uandikishaji wa makazi. Ni kirefu, lakini kinajieleza.

Ili mtu aandikishwe, huhitaji karatasi kutoka kwa yule aliyempa nyumba. Sheria, katika kifungu cha 19, haisemi mwenye nyumba. Hutumia neno lenye maana ya mtoa nyumba, kwani mtu aliyepanga nyumba nzima na kumpangisha mwenzake chumba kimoja naye huhesabiwa. Mfasiri aliandika mwenye nyumba, na kwa kufanya hivyo alimtuma mpangaji wa chumba akamtafute tajiri asiyemjua, hali aliyepaswa kuiandika karatasi hiyo analala chumba cha pili. Kiswahili kinalo neno mpangishaji, ambalo halimtaki mtu awe mmiliki. Lamtaka tu awe amepangisha. Na pale nyumba ilipotolewa bila kodi, mfasiri aandike waziwazi mtu aliyempa nyumba. Kusema kwa uwazi si aibu kwa istilahi.

Familia, jamaa na kaya

Tumekwisha kutaja sharti la nafasi ya kutosha. Kanuni za utawala za Ujerumani hueleza kwamba, bila kuathiri kanuni za majimbo, nafasi huhesabiwa kuwa yatosha daima ikiwa kila mwanafamilia mwenye umri wa zaidi ya miaka 6 ana meta za mraba 12, na aliye chini ya umri huo ana meta za mraba 10, pamoja na haki ya kutumia vyumba vya huduma kama jiko na bafu. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 hahesabiwi.

Sasa tufikirie mtu mwenye nyumba ya meta za mraba 40, anayetaka kumleta mkewe na mtoto wao wa miaka 8. Watu watatu huhitaji meta 36, na nyumba yatosha. Lakini karatasi ya maelekezo yamtaka aorodheshe jamaa wote wa nyumbani. Mtu huyu ana ndugu yake aliyekuja kumtembelea kwa mwezi mmoja. Je, ndugu si jamaa? Kwa adabu za kwetu, kumwacha nje ya orodha ni kumkana. Basi humwandika, na hesabu huwa meta 48 katika nyumba ya meta 40. Uhakika aliokuwa nao umempotea, na sasa ofisi itampima kwa shaka, kwa ajili ya mgeni ambaye atakuwa ameondoka kabla ya barua ya majibu kufika.

Neno jamaa ni zuri, nalo ni pana kama desturi zetu. Hapa upana huo ndio unaodhuru. Twapendekeza wanafamilia wanaoombewa kibali kwa wale watakaokuja, na wanakaya kwa wale wanaoishi katika nyumba hiyo sasa. Kaya ni watu waishio na kula pamoja, wawe wa damu moja au wasiwe. Watakwimu wetu wamelitumia neno hili kwa miaka mingi katika sensa, na walimu wamekwisha kulifundisha.

Kutoka kwetu kwenda kwao

Hadi hapa tumezungumzia tafsiri ziingiazo katika Kiswahili. Zitokazo nazo zina dosari. Mwombaji aliyeko Tanzania huambatisha barua ya serikali ya mtaa. Aliyeko Zanzibar, ya sheha. Aliyeko Kenya, mara nyingi ya chifu. Katika tafsiri tulizoziona, neno mtaa limegeuzwa kuwa barabara. Lakini mtaa katika utawala wa miji ya Tanzania si barabara. Ni eneo lenye mwenyekiti na mtendaji, na ndani yake mna barabara na vichochoro vingi. Afisa wa kigeni akisoma kwamba mtu anaishi katika barabara fulani, hutafuta nambari ya nyumba baada ya jina, na asipoiona huhukumu kwamba anwani haikukamilika. Katika baadhi ya nchi ambako balozi za Ujerumani haziridhiki na mihuri, mtu wa kuaminika hutumwa kwenda kuhakikisha habari za hati, naye huuliza hata kwa majirani. Mtu huyo aende akitafuta barabara isiyokuwapo!

Neno kata nalo lina mtego wake. Tanzania kata ni sehemu ya wilaya yenye diwani wake. Kenya, kata limetumika kwa eneo la chifu, na eneo la mwakilishi wa kaunti huitwa wadi. Mfasiri asiyeuliza barua imetoka upande gani wa mpaka atampeleka msomaji pasipo. Kwa hiyo majina ya vyeo na maeneo, kama mtaa, kata, shehia na kitongoji, yaachwe kama yalivyo, na mara ya kwanza yafuatiwe na maelezo mafupi katika lugha ya msomaji.

Lakini haitakuwa insafu kumlaumu mfasiri peke yake. Barua zenyewe hazimpi cha kufasiri. Desturi ya barua hizi ni kusema kwamba mtajwa hapo juu ni mkazi wa mtaa huo, na kuomba apatiwe msaada. Kwetu maneno hayo yatosha, kwa kuwa mwenyekiti hujulikana na muhuri wake huheshimiwa. Yakifasiriwa, husomeka kama barua ya kumwombea mtu hisani, wala si uthibitisho wa jambo lolote. Barua ya utambulisho humjulisha mtu. Uthibitisho hueleza jambo na msingi wa kulijua. Karatasi ya mpangishaji wa Ujerumani hutaja nani ametoa nyumba, ni nyumba ipi, akina nani wamehamia, na tangu tarehe gani. Hapana linalomzuia mtendaji wa mtaa kuandika vivyo hivyo: nambari ya nyumba, jina la barabara, postikodi, majina ya wanakaya, tarehe walipoanza kuishi hapo, na kwamba ameyatoa katika daftari la wakazi. Barua ya namna hiyo mfasiri yeyote ataiweza.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, twapendekeza istilahi zifuatazo zitumike katika hati za ukaazi wa familia, mpaka wasomaji watuonyeshe zilizo bora:

Anwani ya makazi: nyumba mtu anamoishi.
Anwani ya posta: mahali anapopokelea barua.
Makao ya kisheria: mahali sheria inapomhesabu mtu kuwa ndipo kwake.
Kibali cha ukaazi: ruhusa ya serikali ya kuishi nchini.
Cheti cha uandikishaji wa makazi: hati ya ofisi ya wakazi inayoonyesha mtu ameandikishwa wapi.
Mpangishaji: aliyempangisha mtu nyumba au chumba, awe mmiliki au asiwe.
Wanakaya: wote wanaoishi katika nyumba moja.

Walimu wa tafsiri twawaomba wasiwape wanafunzi orodha hii waikariri tu. Wawape fomu tupu, wawaulize: anayeuliza hapa anataka kujua nini, na anayejibu atadhani anaulizwa nini? Maswali hayo mawili yakipata jibu moja, tafsiri imefaulu. Watumishi wa serikali nao twawakumbusha kwamba barua wanayoiandika kwa dakika tano juu ya meza ya mtaa husomwa mbali, na mtu asiyeujua mtaa huo, akiamua kama mtoto ataishi na baba yake mwaka huu au mwaka ujao. Yafaa basi iandikwe kwa namna ambayo hata asiyetujua ataamini.